Mume Aliyekataliwa na Kompyuta

Daktari Zacheus Nyamweya hakuwa mtu wa kubisha hodi. Asubuhi hiyo aliusukuma mlango wa chumba cha data kwa bega, akatupa rundo la karatasi za printa kwenye meza ya Janeffer Chepkosgei, zile karatasi ndefu zenye matundu pembeni, zikateremka mpaka sakafuni kama utumbo wa mbuzi. Akatangaza mbele ya wote kwamba kila nyumba aliyoipigia mstari mwekundu itolewe kwenye rejista, na karani wa nyanjani aliyeziandika aachishwe kazi.

"Ni takataka," akasema. "Mume, mwanamke. Mume, mwanamke. Siongiroi, Chebunyo, mpaka huku Silibwet. Huyo karani alikaa hotelini akinywa chai na kujaza uongo."

Janeffer hakuziokota zile karatasi. Alizijua nyumba hizo kabla daktari hajanunua kalamu yake nyekundu. Moja ilikuwa yake.

Sasa hapa tusidanganyane. Hakuna Mkipsigis asiyejua jambo hili, ila wako wengi wanaojitia hamnazo wakiwa wamevaa tai. Mwanamke akizeeka bila mtoto wa kiume, na ana shamba na ng'ombe zake, anaweza kutoa mahari aoe msichana. Msichana atazaa, watoto watakuwa wa boma lile, na yule mama atakuwa mume. Si mume wa mzaha. Hapiki, hateki maji, na kwenye mkutano anakaa upande wa wanaume na neno lake linasikilizwa. Taprandich wa Siongiroi alikuwa mume wa namna hiyo, na mke wake ndiye huyu Janeffer, mkuu wa chumba cha data cha mradi wa utafiti wa afya, Kericho, mwaka wa tisini na sita.

Alimwoa wakati hakuna mwingine aliyemtaka. Janeffer alikuwa amerudi kwao kutoka chuoni na cheti cha takwimu mkononi na mimba tumboni, aliyempa mimba ameyeyuka, na baba yake mzazi hamwangalii usoni. Siku Taprandich alipofika na ng'ombe, amevaa koti kubwa la kijivu na ameshika fimbo, baba mtu akapata sauti tena. Kipkurui akazaliwa Siongiroi, halafu Noah. Nyumbani kila mtu alimwita Taprandich mzee, na Janeffer naye vilevile. Hata ofisini akisema "mzee wangu hapendi nichelewe Ijumaa," wenzake walijichorea mwanamume mwenye kipara na kofia. Aliwaacha wachore.

Lakini mistari ile myekundu haikuwa jambo la kuachwa hivi hivi. Mvua za masika zilikuwa zinaisha, na baada yake ilikuwa zamu ya malaria, ile ya nyanda za juu inayokuja kwa watoto ambao damu yao haijaizoea na kuwachukua haraka. Mradi ulikuwa umeleta neti zilizotiwa dawa, na madukani wakati huo hukuzipata hata kwa kubembeleza. Zingegawiwa kwa kufuata rejista. Nyumba isiyokuwa kwenye rejista haikuwa na neti, basi. Na mwaka uliotangulia Noah alikuwa ameshikwa na homa mpaka akapinda mgongo kama upinde, macho yakageuka meupe, na Taprandich akambeba mgongoni hadi barabarani akiwatukana malaika wote aliowajua. Mtoto alipona kwa tundu la sindano. Janeffer hakuwa tayari kuona tena macho yale, na hakumwogopa daktari yeyote kiasi hicho.

Ofisi yenyewe ilikuwa vita tupu. Wafadhili walikuwa wameamua kwamba kutakuwa na chumba kimoja cha data kwa watafiti wote, na Janeffer ndiye abuni namna ya kuwahudumia. Kubuni! Kama vile unaambiwa upike chakula kimoja cha simba, mbuzi na kuku. Nyamweya alikuwa anatafiti malaria, naye alitaka tarakimu chache, safi, zisizo na maswali, na kila kisichopita kwenye ukaguzi wa kompyuta kifutwe. Shirley Kimotho alikuwa anatafiti lishe ya watoto, na hakutaka kusikia habari za kufuta. Yeye alitaka kujua nani anakamua, nani anauza maziwa, na mtoto anabakiziwa nini. Amolo alitafiti migongo na vidole vya wachuma majani chai, na alichotaka ni kwamba mameneja wa mashamba wasiwahi kuona jina la hata mgonjwa wake mmoja. Kila mmoja aliona wenzake wawili ni wezi wa muda wa kompyuta. Hawakusalimiana. Amolo alikuwa na tabia ya kuondoka na waya wa printa akienda kula.

Shirley naye hakuwa rafiki wa mtu. Alizaliwa Kericho mjini, wazazi wake wakiwa wafanyabiashara waliotoka mkoa wa kati, na mpaka leo watu walimwuliza nyumbani ni wapi. Tangu zile fujo za uchaguzi, watu wa asili yake walipofukuzwa mashambani, alikuwa akijibu swali hilo kwa kumtazama mtu mpaka ajute.

Janeffer alipeleka mpango wake kwenye mkutano. Aliueleza bila mapambo. Data yote kama ilivyotoka nyanjani itakaa kwenye disketi ndani ya kabati la chuma, na haitaguswa na mtu. Hiyo ni sufuria. Kila mtafiti ataleta sahani yake, aseme anataka nini, apakuliwe nakala yake, na aisafishe anavyopenda. Hakuna kutia mkono kwenye sufuria.

Nyamweya alicheka kwa pua. Akamwambia mkurugenzi kwamba Janeffer amefungua hoteli, kila mtu na oda yake, na kwamba sayansi haifanywi kwa menyu. Rejista ni moja. Ikiwa na takataka, itolewe takataka. Kompyuta yenyewe ilikuwa inazikataa nyumba zile. Kila ikifika kwenye mume aliyeandikwa F, alama ya mwanamke, ilitoa mlio, tii, na kusimama.

"Hata mashine ina akili kuwashinda makarani wako," akamwambia Janeffer. "Nionyeshe mume mmoja wa aina hiyo, mmoja tu, nitanyamaza."

"Si makosa ya karani," Janeffer akasema. "Ni waume. Wa kwangu ni mmoja wao."

Amolo aliacha kuchora kwenye karatasi yake. Shirley aligeuza kichwa polepole. Nyamweya alimkazia Janeffer macho kwa muda, na kitu kikapita usoni mwake ambacho Janeffer hakukielewa. Kisha uso ukajifunga.

Akasema vizuri sana, sasa wote wamejua kwa nini Madam anapigania takataka. Ana mkono wake ndani. Mtu mwenye nyumba yake kwenye rejista hawezi kuwa mlinzi wa rejista, na anaomba iandikwe kwamba Janeffer asiguse tena safu hata moja ya nyumba hizo. Mkurugenzi, mama wa watu aliyechoka na ugomvi huo tangu mwaka mpya, alikubali papo hapo. Kuhusu nakala na sufuria akasema ajaribu, lakini neti zitafuata rejista safi ya daktari.

Janeffer alitoka amewaka hasira. Alikuwa ameitoa siri yake hadharani, na malipo yake ni kufungiwa mlango. Alijifungia chooni akamtukana Nyamweya kwa Kipsigis, tusi moja moja bila kuruka, mpaka mafundo yakalegea. Kisha akanawa uso, akaenda kwa Shirley.

Shirley hakumkaribisha kiti. Janeffer akamwambia akiwa amesimama. Kwenye nakala ya Shirley hakuna swali la mume. Lishe inamfuata mama na mtoto, nyumba inajulikana kwa mama. Nakala hiyo haifuti mtu, kwa sababu haijali mume ni nani. Ina watoto wengi kuliko ya daktari. Shirley akiipeleka kwa mkurugenzi na kusema neti zifuate watoto, atakuwa amempiku Nyamweya mchana kweupe.

"Usifikiri nakusaidia wewe," Shirley akasema. "Nataka tu kuona sura yake."

"Angalia sura yake unavyotaka," Janeffer akajibu. "Mimi nataka neti."

Ikawa hivyo. Shirley alikuwa na ulimi mkali na aliutumia wote. Alimwuliza mkurugenzi atawaambia nini wafadhili, kwamba mbu wa Siongiroi wanauliza kwanza kama kuna mwanamume ndani? Mkurugenzi akakata kauli. Neti zitafuata orodha ya Shirley. Nyamweya alibaki na rejista yake safi, aliyoisafisha kwa mkono wake, imepungukiwa na nyumba kibao na wagonjwa wa homa waliohesabiwa humo. Siku hiyo Janeffer alipita mbele ya mlango wake akiimba wimbo wa kanisa, kwa makusudi, na sauti ya pili akaitia mwenyewe.

Wacha nikuambie, hakuna raha kama ya kumshinda mtu mwenye dharau. Janeffer alikula raha hiyo wiki nzima. Hakujua kwamba bado haijateremka tumboni.

Neti ziligawiwa Siongiroi kwenye uwanja wa kanisa, siku ya soko. Janeffer alikuwepo kama mtu wa nyumbani, si kama mtu wa mradi. Wanawake walikaa na watoto upande wa chini. Wanaume walikaa juu, penye nyasi kavu, na Taprandich alikuwa miongoni mwao na koti lake la kijivu na fimbo katikati ya magoti, kama alivyokaa miaka yote. Alikuwa amejipaka mafuta. Alikuwa amewaambia majirani kwamba mke wake ndiye aliyezileta hizo neti kwa kupigana na madaktari, na kwamba watalisikia jina lake yeye, mume, likiitwa.

Muuguzi alianza kuita. Aliita akina mama. Nyumba ya Fancy na watoto. Nyumba ya Tecla na watoto. Wanaume kule juu waliona ni kichekesho, wakataniana kwamba leo wameachwa nje na mbwa. Wao hawakupoteza kitu. Kimutai, mmoja wao, asipoitwa kwenye karatasi, bado ana ndevu zake, na hakuna atakayemwuliza yeye ni nani nyumbani kwake.

"Nyumba ya Janeffer Chepkosgei na watoto."

Kule juu kicheko kikakatika kidogo. Halafu mzee mmoja, jirani ambaye alikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba na Taprandich tangu zamani, akamgeukia na kusema kwa sauti ya kusikika na watu, "Kumbe ile boma ni ya Janeffer. Mama, si ungeteremka ukae na wenzako."

Taprandich alisimama, akajiegemeza kwenye fimbo, na hakuteremka upande wa wanawake wala hakubaki upande wa wanaume. Alipita katikati ya uwanja, peke yake, akashika njia ya kwenda nyumbani. Janeffer alipokea neti. Alikuwa ameelewa, na kuelewa kwenyewe kulimchoma. Taprandich hakuwa na ndevu. Alichokuwa nacho ni kutajwa tu. Nyamweya alitaka kumfuta, na Janeffer akapigana naye kama chui, kisha akatafuta njia nzuri zaidi ya kumfuta na kuifurahia.

Alipofika nyumbani, Taprandich tayari alikuwa amekata vijiti vya kutungikia neti. Aliitundika mwenyewe juu ya kitanda cha watoto, akachomeka pindo chini ya godoro pande zote, akamwambia Noah akilala mkono nje atakiona. Kisha Janeffer akamletea chai. Taprandich akatazama kikombe.

"Weka chini."

Hakukigusa. Wala jioni hakula. Alitoa maziwa kwenye kibuyu mwenyewe akanywa mlangoni, akimpa Janeffer mgongo. Mume akikataa chakula cha mke, majirani hawahitaji kuambiwa, na walijua kabla ya ng'ombe kutoka asubuhi. Janeffer alijaribu kueleza. Alisema ilikuwa kwa ajili ya Noah, na orodha ile haiulizi mume wa mtu yeyote.

"Mtoto apate neti, sijakataa," Taprandich akasema. "Nakuuliza wewe. Huko kwenu, mimi niliandikwa nani?"

"Karani aliandika mume."

"Halafu?"

"Mwanamke."

Taprandich akamgeukia. "Aliniuliza?"

Karani hakuuliza, kwa sababu Janeffer ndiye aliyewafundisha makarani wote wasiulize. Jina waulize, miaka waulize, lakini kwa jinsia andika unachokiona, usipoteze muda wa watu. Maneno hayo aliyasema ubaoni, na chaki mkononi, akiwa mke wa Taprandich.

"Nilitoa ng'ombe," Taprandich akasema. "Nilikuchukua mbele ya baba yako. Miaka yote hii kuna mtu amewahi kukuuliza mume wako yuko wapi? Nenda huko kwenu ukarekebishe. Mpaka hapo, chai yako kunywa mwenyewe."

Jumatatu Janeffer alikwenda kwanza kwa Shirley. Aliomba jina la mume liongezwe kwenye nakala yake, na kwenye kadi zinazobaki na akina mama. Shirley hakuinua hata macho. Alisema mume si hitaji lake, hajawahi kuwa hitaji lake, na kwamba kama anakumbuka vizuri, Madam mwenyewe ndiye aliyesema kila mtu na sahani yake. Amwache ale. Amolo, aliyekuwa anasikiliza, akasema yeye hataki majina yoyote, asante, na akaondoka na waya wa printa.

Alibaki mtafiti mmoja tu ambaye utafiti wake ulihitaji mume. Janeffer alizunguka na jambo hilo mpaka saa sita. Heri angemeza nyembe. Mwishowe akaenda, akabisha hodi.

Nyamweya alimwacha asimame. Alimaliza kuandika alichokuwa anaandika, akafunika kalamu, akauliza anataka nini. Janeffer akasema anataka nyumba za Siongiroi zirudishwe kwenye rejista. Disketi za mwanzo ziko kabatini, hakuna kilichopotea.

"Kama nani?" akauliza Nyamweya. "Mashine inawakataa."

"Kama wanaume. Weka M."

Daktari akaegemea kiti. Ilionekana wazi kwamba anaipenda saa ile na hana haraka nayo. Akamkumbusha kwamba mwezi mzima amekuwa akiwaambia data haiguswi, inaandikwa kama ilivyotoka nyanjani. Sasa anataka ageuze mwanamke awe mwanamume kwa kidole?

"Nyanjani hatukuuliza," Janeffer akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Ni kosa langu mimi, si la karani. Nyumbani kwangu nimeuliza. Jibu ni mume, mwanamume. Andika."

"Andika mwenyewe."

"Ulinikataza kugusa."

Nyamweya alicheka kidogo, bila furaha. Kisha akageuka dirishani, kule ambako majani chai yalikuwa yameteremka bonde zima, na akaongea kama mtu anayekasirishwa na maneno yake mwenyewe.

"Nyanya yangu alioa. Kwetu pia tunaoa hivyo, usifikiri ni ninyi tu. Padre akamwandika mjane. Hakukanyaga kanisa tena mpaka tukamzika." Akagonga kioo kwa ukucha. "Sikutaka wazungu wasome mambo hayo wacheke. Na nikiwarudisha sasa, ni kwa sababu nahitaji homa zao. Usinishukuru."

"Sikushukuru," Janeffer akasema.

Alimletea disketi. Daktari akafungua rejista, akatafuta Siongiroi, akafika kwenye Taprandich. Kishale kikasimama juu ya F. Akaibonyeza ikatoka, akaandika M. Wote wawili walikuwa wanangojea ule mlio, kwa mazoea. Mashine haikulia. Ilimeza na kushuka kwenye safu inayofuata.

"Na hawa wengine?" Nyamweya akauliza.

"Usiwaguse. Nitaenda niwaulize mmoja mmoja."

"Hiyo hoteli yako," daktari akasema, na akamwonyesha mlango.

Jumamosi Janeffer alimkuta Taprandich akikagua ndama. Alimweleza akiwa amesimama mbali kidogo, kwamba sasa ameandikwa vizuri, mume, mwanamume, na nyumba ni yake. Taprandich aliendelea kupapasa miguu ya ndama. Kisha akanyoosha mkono bila kugeuka, na Janeffer akakimbia jikoni, akarudi na kikombe cha chai. Taprandich akakipokea, akapuliza, akanywa funda moja kubwa.

"Umeniandika wewe?" akauliza.

Janeffer angeweza kudanganya. Midomo ilishajiweka tayari.

"Hapana, mzee. Ni yule daktari."

Taprandich akatikisa kichwa polepole, akamaliza chai yote, akamrudishia kikombe kitupu.

"Basi yeye ndiye aliyenijua," akasema, na akarudi kwa ndama wake.